Midomo Imefumba, Meno Yameachana

Nilimwomba daktari wa meno aning'oe gego. Gego la chini kushoto, la pili kutoka mwisho, na nilikuwa na hakika nalo kabisa. Lilikuwa limeniuma miezi minne, maumivu mazito yasiyo na ncha, yanayopanda hadi sikioni na kuishia kwenye panja. Kila nikiamka ilinibidi nilichezeshe taya polepole kwanza, ndipo mdomo ukubali kufunguka mswaki upite. Daktari akapiga picha ya eksirei, akaitazama, akaligonga gego kwa mpini wa kioo chake, akalipuliza hewa baridi. Hakuna kitu. Ndipo akaweka vidole viwili shavuni mwangu, pale nyama inapojaa mtu akiuma meno, akabonyeza na kushikilia. Sekunde chache baadaye jino likaanza kuuma. Maumivu yale yale, mahali pale pale, na yeye hajaligusa.

"Umeona?" akasema. "Jino halina kosa. Msuli ndio unaoumia, ila maumivu unayasikia kwenye jino."

Kisha akanishikisha kioo nijionee. Ncha za meno ya mbele zilikuwa zimelika zikawa bapa. Ndani ya shavu, usawa wa mahali meno yanapokutana, kulikuwa na mstari mweupe. Kingo za ulimi zilikuwa na mabonde madogo madogo, alama za meno. Akaniuliza kama nasaga meno usingizini, nikakumbuka kwamba mume wangu alikwisha kuniambia zaidi ya mara moja, na kwamba binti yetu mdogo aliwahi kuniuliza kwa huruma, "Mama, mbona usiku unatafuna mawe?" Nilikuwa nimelipuuza. Kuna aliyenishauri kuwa ni minyoo, nikameza dawa, hali ikabaki ile ile.

Nilitoka na vitu viwili. Kimoja ni kinga ya usiku, kipande kigumu kinachoangaza kilichotengenezwa kwa umbo la meno yangu ya juu. Cha pili ni karatasi ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kinga nilikielewa. Karatasi ile niliikunja na kuitia mkobani, ikakaa huko wiki tatu, maana fiziotherapia kwangu ilikuwa ya watu wa magoti na migongo.

Zile wiki tatu nilizipoteza bure. Kinga kilifanya kazi yake, kuyakinga meno yasisagane, lakini misuli haikulala kwa sababu nimeweka plastiki katikati. Niliamka nimekiuma kwa nguvu ile ile, na panja linapwita kama jana yake.

Mtaalamu niliyempata alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akiniita mama. Nusu saa ya kwanza hakunigusa. Aliuliza maswali ambayo sikuona yanahusiana vipi na shavu langu. Je, taya huniuma nikipanda ngazi au nikibeba mzigo? Naona vizuri? Nimewahi kukwama mdomo ukiwa wazi, au ukashindwa kabisa kufunguka? Nina homa, uvimbe, ganzi usoni? Nakoroma, na nikiamka najiona nimechoka kama sijalala? Natumia dawa gani? Baadaye alinieleza. Maumivu ya taya yanayokuja na kazi ya mwili yanaweza kuwa ya moyo. Mtu aliyevuka miaka 50 akianza kuumwa kichwa panjani, taya likimchoka akitafuna na macho yakififia, anatakiwa amwone daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mishipa ya damu imevimba na anaweza kupofuka. Kukoroma na pumzi kukatika usingizini mara nyingi huambatana na kusaga meno. Na baadhi ya dawa za sonona, kama fluoxetine na sertraline, zinaweza kumletea mtu hali hii au kuizidisha. Anayezitumia azungumze na daktari aliyemwandikia, asiache mwenyewe. Nayaandika haya mapema kwa sababu maneno yangu yote yanayofuata ni ya mtu ambaye hakuwa na hata moja ya dalili hizo, wala hatumii dawa hizo.

Halafu akaniuliza kazi. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani.

"Nionyeshe unavyotunga uzi kwenye sindano, mama."

Sikuwa na sindano wala uzi. Niliinua mikono nikaigiza, nimekaza macho kwenye tundu lisilokuwapo. Akanigusa shavu kwa ncha ya kidole. "Meno yako yanafanya nini sasa hivi?"

Yalikuwa yamebanana. Si kidogo. Nilikuwa nimeyakaza kama mtu anayeinua gunia, kwa ajili ya uzi ambao haupo. Akaniambia niigize kukata uzi, nikaupeleka mkono mdomoni, kwa kuwa miaka 19 nimekata uzi kwa meno. Niigize kupiga pasi kola. Meno yakabanana. Akaniuliza kama bili imefika na pesa sina, ninakaa vipi. Sikuhitaji kuigiza.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nilikuwa nimekuja kutibiwa usiku, naye ananionyesha mchana. Kusaga usiku huanzia kwenye ubongo, katika vipindi vifupi usingizi unapopungua uzito, na hakuna mtu anayeweza kuuamuru mwili wake ukiwa umelala. Lakini saa zile 16 nilizo macho zilikuwa zangu, na nilikuwa nikizitumia kuuchosha msuli ule ule ambao usiku nao haupumziki. Akanieleza dalili moja ambayo tangu siku hiyo naiangalia: maumivu yaliyo makali asubuhi na kupungua kadiri siku inavyokwenda huelekea kwenye usiku, na yanayoanza mchana na kukomaa jioni huelekea kwenye kubana meno ukiwa macho. Mimi nilikuwa nayo yote mawili.

Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, ingawa nimeishi na meno maisha yangu yote: meno hayatakiwi kugusana. Hugusana tunapotafuna na tunapomeza, basi. Muda mwingine wote yanapaswa kuachana milimita mbili tatu, midomo imefumba, ulimi umetulia juu kwenye kaakaa, na pumzi zinapita puani. Mimi nilidhani mdomo uliofungwa ni meno yaliyokutana.

"Anza kusema nne," akaniambia. "Ukifika kwenye ile n ya kwanza, simama hapo hapo."

Jaribu sasa hivi unaposoma. Ncha ya ulimi inapanda yenyewe nyuma ya meno ya mbele ya juu, bila kuyasukuma, na meno ya nyuma yanaachana. Ukiuacha ulimi hapo, kubana meno kunakuwa kugumu. Hilo ndilo lilikuwa zoezi langu la kwanza, na kwa siku nne lilikuwa la pekee. Ulimi juu, pumzi sita za polepole puani, tumbo likijaa kwanza kabla ya kifua. Mara sita kwa siku.

Idadi hiyo hakuibuni. Ni ya mpango unaofahamika sana kwa wanaotibu taya, uliotungwa na Mariano Rocabado, mtaalamu wa fiziotherapia wa Chile: mazoezi sita, kila moja mara sita, mara sita kwa siku. Kijana wangu hakunipa yote sita. Alisema watu wakipewa yote mara moja huyafanya siku mbili kisha huyaacha, na kwamba ni heri moja lifanywe.

Nakiri siku nne zile ziliniudhi. Nilikuwa na maumivu makali, na nimepewa ulimi. Lakini ndizo zilizonifundisha kitu ambacho hakuna kidonge kingenifundisha: nilianza kujikamata. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa cherehani, na kila jicho likikipita najiuliza meno yako wapi. Siku ya kwanza, kila nilipojiuliza, yalikuwa yamekutana. Kila mara! Nikipima kitambaa, yamekutana. Nikimsikiliza mteja, yamekutana. Nikiwa nimekaa tu nimetulia, hivyo nilivyodhani, yamekutana. Nilikuwa sijui kwamba nimekaza kwa sababu sikuwa nakumbuka kulegea kukoje.

Niseme neno hapa kuhusu ushauri niliopewa na kila mtu kabla ya hapo: "Acha mawazo." Wote waliniambia hivyo kwa upendo, na hofu kweli ina sehemu yake katika tatizo hili. Lakini mtu hawezi kuacha mawazo kwa kuambiwa, na mwenye deni, mgonjwa nyumbani au kazi ya kufikia kesho ataongezewa wazo moja zaidi: kwamba ameshindwa kuacha mawazo. Ulimi ninaweza kuuhamisha. Mabega ninaweza kuyashusha. Mwili ulinipa mlango ambao kichwa kilikuwa kimeufunga, na mawazo mengine yalipungua kwa kuingilia huko.

Wiki ya pili akanipima. Aliniambia nifungue mdomo kadiri ninavyoweza bila kuumia, akaweka rula kati ya meno ya juu na ya chini: milimita 31. Mtu mzima wa kawaida hufikia 40 hadi 50. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyako mwenyewe, cha shahada, cha kati na cha pete, vikisimama wima kati ya meno ya mbele. Vyangu vilipita viwili. Akanisimamisha mbele ya kioo, nikaona kwamba kidevu hakishuki wima, kinapinda kushoto kama mlango uliolegea bawaba moja.

Kiungo cha taya kiko mbele tu ya sikio. Ukiweka kidole hapo na kufungua mdomo utakisikia kikitembea. Kina miondoko miwili: mdomo unapoanza kufunguka huzunguka mahali pake, kisha huteleza mbele. Misuli ikikakamaa upande mmoja, upande huo huchelewa na kidevu huvutwa huko. Zoezi langu la pili likawa kufungua mdomo ulimi ukiwa umebaki kwenye kaakaa. Ulimi ukiwa pale huwezi kwenda mbali, na hilo ndilo lililotakiwa: mdomo uwe unafunguka kidogo, kiungo kikizunguka bila kuruka mbele, kidole kimoja kikikisikiliza na jicho likikitazama kidevu kiteremke wima. Mara sita. Nililifanya mbele ya kioo cha wateja kabla duka halijafunguliwa.

Zoezi lililonipa nafuu niliyoweza kuitambua siku hiyo hiyo lilikuwa la ngumi. Unaweka ngumi chini ya kidevu. Unaanza kufungua mdomo, ngumi inazuia kidogo, mdomo usifunguke. Nguvu ndogo, kama ya kubonyeza kitufe. Unashikilia sekunde tano au sita, kisha unaachia yote kwa pamoja huku ukishusha pumzi, taya likining'inia lenyewe kwa uzito wake. Sababu ya kufaa kwake ni kwamba misuli hufanya kazi kwa jozi. Ile inayofungua mdomo ikiitwa kazini, mishipa ya fahamu huipelekea ile inayofunga ujumbe wa kulegea. Msuli wangu wa shavu haukuwa ukisikia nikiuambia legea. Ulisikia mwenzake alipopewa kazi.

Nilikosea nilipofika kwenye kuchua. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza ni la nje: vidole viwili vinaanzia chini ya mfupa wa shavu na kushuka polepole hadi pembe ya taya, kwa kuburuta nyama juu ya mfupa, dakika moja au mbili kila upande, kisha mizunguko midogo kwenye panja. La pili ni la ndani: mikono imenawishwa vizuri na kucha ni fupi, dole gumba linaingia kati ya shavu na meno, vidole vingine viko nje, unauminya msuli katikati kama anayetafuta kokoto ndani ya unga. Ukilipata fundo unashikilia bila kusugua, unavuta pumzi na kushusha, unasubiri. Nusu dakika hivi, na fundo huanza kuyeyuka chini ya kidole. Maumivu yasivuke tatu au nne kwa kumi.

Nilivuka. Nilikuwa nimelipata fundo lenyewe, lile ambalo likibonyezwa gego linalia, na hasira ya miezi yote ikaingia kidoleni. Nililiminya hadi machozi yakatoka, nikiamini kwamba kinachouma zaidi kinaponya zaidi. Kesho yake shavu lilikuwa limevimba, na siku tatu nikala uji tu. Nilimweleza nikitarajia atanikemea. Hakunikemea. Alisema msuli ulioumizwa hufanya kitu kimoja tu unachokijua, kujikaza ili ujilinde, na mimi nilikuwa nimeupa sababu mpya. Tangu hapo nachua kama ninavyonyoosha hariri, kitambaa ambacho ukikivuta kwa nguvu umeshakiharibu.

Joto lilikuwa rahisi, nami ningeanza nalo kama ningeshauriwa upya. Kitambaa kinachovywa kwenye maji ya moto, kinakamuliwa, kinajaribiwa kwanza kwenye kifundo cha mkono, kisha kinawekwa kwenye shavu na panja dakika 15, kikirudiwa kuchovywa kikipoa. Huku kukanda kwa maji ya moto kunafanywa kabla ya kuchua na kabla ya mazoezi, msuli ukiwa umeshakubali. Kukiwa na uvimbe mpya wenye joto, au homa, hapana. Hapo huendi kukanda, unaenda kutazamwa.

Shingo sikuitarajia. Siku moja alinipiga picha kwa simu yangu nikiwa nimekaa kama ninavyokaa cherehanini, akanionyesha kutoka ubavuni. Kichwa kilikuwa mbele ya mabega kama cha kobe. Kichwa kikitangulia hivyo, nyama za chini ya kidevu huvutika na kulirudisha taya nyuma, na misuli ya kufunga mdomo hukaza kupambana nazo. Kumbe nilikuwa naumba tatizo kwa namna ninavyokaa. Akanipa kurudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, mpaka kisogo kisikie kinarefuka, na kuzivuta bapa za mabega zisogeleane kisha kuziachia. Hayo mawili nayo yamo katika yale sita ya Rocabado. Nikainua meza ya cherehani kwa matofali manne. Naamini matofali yale yalinisaidia sawa na mazoezi yoyote, na hayahitaji kukumbukwa.

Usiku nilipewa njia ya zamani zaidi. Katika miaka ya 1920 daktari mmoja wa Marekani, Edmund Jacobson, aliwafundisha wagonjwa wake kukaza kundi moja la misuli kwa makusudi, kisha kuliachia na kulisikiliza linavyolegea, kundi baada ya kundi, mwili mzima. Alitaka mtu ajue tofauti ya hali mbili ambazo kwa kawaida hatuzisikii. Mimi ninalala chali, nakunja ngumi sekunde tano, naachia sekunde 20. Mabega juu hadi masikioni, naachia. Paji la uso, naachia. Miguu. Kwa taya kijana alinikataza kabisa kukaza meno, kwa kuwa kazi hiyo ninaifanya ya kutosha. Badala yake nasukuma ulimi kwenye kaakaa kidogo, naachia, na taya linafuata. Pumzi kuingia nahesabu nne, kutoka nahesabu sita. Kutoka kukiwa kurefu kuliko kuingia moyo hupunguza mbio, nami naisikia tofauti mpaka kwenye vidole vya miguu.

Mwanzoni sikuweza kufika miguuni. Ningefika mabegani nikakuta nimekwisha kukunja ngumi upya na nafikiria vipimo vya mteja. Aliniambia nisianze tena kutoka mwanzo, niendelee nilipokumbuka. Ushauri mdogo, lakini bila huo ningeacha, kwa sababu mimi ni mtu wa kufumua mshono wote kwa ajili ya kosa la inchi moja.

Wiki ya tano ilikuja oda kubwa ya sare, nguo 60 kwa siku tisa. Nililala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, nikanywa kahawa hadi saa tano za usiku, kitambaa chekundu nikawa nakiona bila kukiona. Siku ya nane gego likarudi. Nililia kwa kweli, peke yangu, juu ya mashine, kwa kuwa nilidhani nimerudi pale nilipoanzia. Nilipompelekea habari akachukua rula: milimita 38. Maumivu yalikuwa yamerudi, taya halikuwa limerudi. Akaniambia kuwa hali hii huja na kuondoka, kwamba kahawa ya usiku, pombe na sigara huichochea, na kwamba kipindi kigumu ndicho kipindi cha kufanya zoezi moja tu lile la kwanza. Nilikuwa nimefanya kinyume, nikiyaacha yote kwa kuwa sikuwa na muda wa yote.

Kuna mambo madogo niliyoyabadilisha ambayo hayajai hata sentensi, lakini niliyahitaji. Niliacha kutafuna ubani wa peremende, niliokuwa nimejipa kwa kudhani unalipa taya mazoezi, wakati msuli wangu ulikuwa umezidiwa na mazoezi. Nyama ngumu nilizikata vipande vidogo. Nikipiga miayo naweka ulimi juu na mkono chini ya kidevu, mdomo usipanuke kupita kiasi. Silali kifudifudi. Pini za nguo sizishiki tena kwa midomo, nimeshona kimto cha kuvaa mkononi. Na mkasi mdogo wa kukatia uzi umefungwa kwa utepe kwenye cherehani, mahali ambapo mkono wangu unaufikia kabla haujafika mdomoni.

Wiki ya tisa nilipima milimita 43. Kidevu kinashuka karibu wima. Siamki tena nikilichezesha taya, isipokuwa asubuhi moja moja baada ya usiku mbaya, na zikija najua la kufanya kabla sijatoka kitandani. Gego langu liko mahali pake, zima, na kila nikitafuna upande huo namshukuru yule daktari aliyekataa kuling'oa. Kiungo cha kushoto bado kinaalika nikifungua sana. Aliniambia kualika kusikoambatana na maumivu wala kukwama hakuhitaji kutibiwa, nami nimekuzoea. Kusaga usiku hakujaisha. Kinga changu kina mikwaruzo mipya kila mwezi, na mume wangu anasema bado ananisikia, ingawa mara chache na kwa muda mfupi. Kilichopungua ni maumivu. Mtu akikuahidi kwamba kwa kuchua na kupumua utaacha kusaga kabisa, mwulize amejuaje.

Binti yangu aliyeniuliza habari za mawe sasa anakaa karibu nami akifanya kazi zake za shule huku mimi nashona. Alinisikia nikifanya zoezi la kwanza siku zile za mwanzo, akataka kujua kwa nini mama anahesabu nne na hafiki tano. Nikamfundisha. Sasa nikiinamia tundu la sindano, bila kuinua macho kwenye daftari lake, husema, "Mama, nne." Nami naachia meno. Jana alisema mara mbili kabla sijamaliza kola.